Nani Anasema Ndani ya Mkataba wa Pango?

Utangulizi

Makala haya yanahakiki kazi moja fupi sana. Ina ukurasa mmoja, haina jalada, haijapata kupitia kwa mchapishaji yeyote, na kuichapa kuligharimu shilingi mia tano kwenye duka la steshenari karibu na Kabwe. Kazi yenyewe ni mkataba wa kupangisha fremu ya biashara katika nyumba moja ya Mwanjelwa, hapa Mbeya. Mwandishi wake ni mimi.

Najua wapo walimu na wanafunzi wenzangu watakaoguna wakifika hapa. Watauliza: tangu lini mkataba ukawa fasihi? Ni swali la haki. Tangu mwaka wa kwanza tumefundishwa kwamba fasihi ni sanaa inayotumia lugha kueleza maisha ya jamii, na mkataba hauna taswira, hauna mizani, hauna hata tamathali moja ya kutafuta kwa tochi. Nakubali. Sidai kwamba mkataba ni fasihi. Ninachodai ni kwamba vifaa tulivyopewa darasani kwa ajili ya riwaya na tamthilia, yaani kuuliza nani anasimulia, nani ni mhusika, nani amenyamazishwa, vinafaa pia kwa karatasi hii. Tusipovitumia huku mitaani, tunanoa visu visivyokata kitu.

Hoja yangu ni moja. Katika ugomvi wa mwenye nyumba na mpangaji, mpangaji aghalabu hushindwa kwenye maandishi kabla hajashindwa kwenye baraza lolote, kwa sababu makubaliano yalifanywa kwa sauti mbili na karatasi ikaandikwa kwa sauti moja.

Kisa cha karatasi

Mimi ni mpangaji. Nimepanga chumba kimoja cha uani, choo cha nje, luku ya kuchangia. Nyumba ina vyumba sita vya ndani na uani, na mbele kuna fremu moja inayotazama barabara. Mwenye nyumba ni mzee mstaafu ambaye sitamtaja, kwa kuwa makala haya si ya kumchongea mtu. Katika fremu ile alikuwamo mama mmoja aliyekuwa akipika chai na chapati. Wapangaji wote tulimwita Mama Chapati, naye aliitika bila kinyongo. Asubuhi za Juni na Julai, baridi ya Mbeya inapokung'ata masikio, chai yake ya tangawizi ndiyo iliyotufikisha chuoni tukiwa watu.

Mama huyu aliingia kwenye fremu ile bila karatasi. Alikikuta chumba kina sakafu ya udongo na mlango wa mabati. Mzee akamwambia atengeneze tu, akae na biashara yake mpaka watoto wamalize shule. Maneno hayo yalisemwa mchana kweupe, mbele ya wapangaji watatu na mjumbe. Mama akaweka sakafu ya saruji, akaweka mlango wa mbao na kufuli nzuri, akapaka chokaa. Kodi alilipa kila baada ya miezi mitatu, mkono kwa mkono, na Mzee aliandika kwenye kaunta buku lake. Miaka ikaenda.

Nilipokuwa mwaka wa pili, Mzee akaniita jioni moja. "Kijana, wewe si unasoma mambo ya lugha huko chuoni? Hebu niandikie mkataba wa maana. Siku hizi mambo ya mdomo mdomo hayafai."

Sasa jamani, nani angekataa? Mwanafunzi wa fasihi katika nchi hii haulizwi kitu na mtu yeyote. Mwenzako wa uhandisi anaitwa kutengeneza redio, wa sheria anaombwa ushauri, wewe unaulizwa tu, "Ukimaliza utafanya kazi gani?" Basi mimi kuitwa na mzee mzima kwa ajili ya lugha! Nilikaa usiku kucha. Niliweka "endapo", nikaweka "ilhali", nikaweka "bila ya kuathiri yaliyotangulia". Nilijisikia mwandishi. Ibara ya saba niliiandika mara tatu mpaka ikakaa sawa: kwamba mwenye nyumba atakuwa na haki ya kurejeshewa fremu wakati wowote endapo itahitajika kwa matumizi mengine, na mpangaji atatakiwa kuiacha katika muda wa siku saba kama itakavyoelekezwa.

Mama Chapati aliletewa karatasi akiwa anakanda unga. Alifuta mikono kwenye khanga, akauliza, "Inasemaje?" Mzee akajibu, "Ni yale yale tuliyokubaliana, mwanangu, ila sasa yameandikwa." Akasaini. Mimi nikasaini chini yake kama shahidi. Nilikuwa najua kilichomo. Sikusema kitu, kwa sababu hakuna aliyeniuliza, na kwa sababu nilikuwa nikiitazama ibara yangu ya saba nikiona ilivyopendeza.

Miezi minane baadaye akatokea mtu wa kutuma na kupokea pesa kwa simu, akaitaka fremu kwa kodi kubwa zaidi na kwa kilemba juu. Mzee akaitoa karatasi yangu. Shauri likafika ofisi ya serikali ya mtaa. Mama akaeleza vizuri sana, kwa mpangilio, akataja siku, akataja waliokuwepo, akataja mifuko ya saruji. Mwenyekiti alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Hilo la mpaka watoto wamalize shule, kwenye karatasi lipo?"

Halikuwepo. Mimi ndiye niliyeliacha nje.

Mbele ya kesi yake kulikuwa na njia. Kuna Baraza la Kata, ambalo tangu 2021 kazi yake katika migogoro ya ardhi ni kusuluhisha. Kuna Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya lenye mamlaka ya kuamua. Na juu ya hapo kuna Mahakama Kuu. Ngazi hizi ziliwekwa na sheria ya mahakama za migogoro ya ardhi ya 2002. Lakini mpika chapati akishinda barazani siku tatu, siku hizo tatu watoto wanakula nini? Alihama siku ya sita. Wakati wa kufunga mizigo nilimsaidia kubeba jiko. Akaniambia kwa upole kabisa, bila kunitazama: "Kiswahili chako kizuri, msomi."

Huo ndio uhakiki wa kwanza kuandikwa kuhusu kazi yangu, na mpaka leo sijapata mkali kuushinda.

Fani: kauli ya kutendwa na mtendaji aliyefichwa

Tuingie sasa kwenye matini yenyewe. Nilipoisoma upya, nikiwa na kalamu nyekundu kama msahihishaji, niligundua kwamba karatasi ile ina vitenzi vya namna mbili. Mpangaji amepewa vitenzi vyenye mtendaji wazi: mpangaji atalipa, mpangaji atatunza, mpangaji hatapiga msumari ukutani, mpangaji hatapokea mgeni wa kulala. Kila mahali yupo, anaonekana, anashikika. Mwenye nyumba, kwa upande wake, karibu hafanyi kitu. Mambo yake yanatendeka yenyewe: kodi itapandishwa, fremu itahitajika, kama itakavyoelekezwa. Nani atapandisha? Nani atahitaji? Nani ataelekeza? Kauli ya kutendwa na kauli ya kutendeka zimemfunika Mzee kama blanketi. Mpangaji ana miguu na mikono. Mwenye nyumba amekuwa kama mvua, inanyesha tu.

Tulipofundishwa mnyambuliko wa vitenzi tuliambiwa kwamba kauli ya kutendwa humweka mtendwa mbele. Ni kweli, lakini darasani hatukuambiwa kwamba huweza pia kumtoa mtendaji nje kupitia mlango wa nyuma. Mtu akikuambia, "Nakupandishia kodi", unaweza kumjibu, "Kwa nini, baba?" Karatasi ikikuambia, "Kodi itapandishwa", utambishia nani?

Jambo la pili ni ukimya. Matini haisemi lolote kuhusu paa. Mbeya mvua huanza kuelekea mwisho wa mwaka na kuendelea hadi Aprili au zaidi, na bati likitoboka hapa si mzaha. Haisemi lolote kuhusu saruji ya mama, mlango wake wala chokaa yake. Haisemi nini kitatokea mwenye nyumba akikosea. Mhakiki wa riwaya akikutana na mhusika aliyefanya kazi kubwa halafu msimulizi asimtaje, husema mara moja kwamba msimulizi huyo ana upande. Hapa pia tuseme hivyo hivyo.

Jambo la tatu ni msamiati. Neno "kupanga" katika Kiswahili lina maana ya kuweka mambo kwa utaratibu na pia ya kukodi chumba. Ingetarajiwa basi mpangaji awe ndiye mtu wa mipango, kumbe ndiye asiyejua mwakani atalala wapi. Neno "kodi" nalo ni hilo hilo tunalolipa kwa serikali. Mpangaji anatoa kodi kama raia anavyotoa kwa dola, tofauti ni kwamba huku hakuna uchaguzi wala bunge. Sidai kwamba wahenga walikaa kikao wakapanga maneno haya kwa hila. Nasema tu kwamba lugha hukumbuka uhusiano wa watu hata pale watu wenyewe wanapousahau.

Undugu na risiti

Karatasi inasema "Mwenye nyumba" na "Mpangaji". Lakini uani hakuna anayesema hivyo. Tunasema baba mwenye nyumba, mama mwenye nyumba, naye anakuita mwanangu. Wengine wakimpa Mzee kodi yake huinama kidogo na kupokea "ndaga" kwa Kinyakyusa kama watu waliotoka ukoo mmoja. Uhusiano wa fedha umevishwa nguo ya undugu. Na undugu una sheria yake: mtoto hamwombi baba risiti. Ukimwomba, umemtukana.

Sitaki kuudharau undugu huu. Katika nyumba yetu mpangaji akifiwa, Mzee ndiye wa kwanza kutandika mkeka. Mpangaji akichelewesha kodi mwezi mmoja kwa ugonjwa, anasubiriwa. Mkataba wangu haukuandika huruma hiyo, lakini ilikuwepo. Tatizo linaanza siku maslahi yanapogongana. Siku hiyo mwenye nyumba anaweza kuchagua lugha gani aitumie. Akitaka kodi ipande anatoa karatasi; ukitaka paa lizibwe anakuwa baba, na baba haamrishwi. Mpangaji hana uchaguzi huo. Amebakiwa na lugha ya undugu tu, na lugha hiyo haikubaliki pale ofisini.

Hapa tunakutana na suala ambalo sisi wanafunzi wa fasihi simulizi tungepaswa kulipigania. Sheria ya Ardhi ya 1999 haimkatazi mtu kupanga kwa mdomo: pango la muda mfupi, la mwaka mmoja au pungufu, linaweza kuwa la mdomo au la maandishi. Kwa hiyo neno lililotamkwa mbele ya mashahidi si upepo. Lakini katika mazoea yetu karatasi ikishaingia mlangoni, neno hutokea dirishani. Wahenga wenyewe walitupa pande zote mbili. Walisema ahadi ni deni. Wakasema pia mali bila daftari hupotea bila habari. Mama Chapati aliishi kwa methali ya kwanza, akahukumiwa kwa ya pili.

Fasihi yetu imempa mpangaji nafasi gani?

Baada ya kisa hiki nilirudi kwenye vitabu nikimtafuta mpangaji. Nakiri kwamba sikumpata kwa urahisi.

Mwenye mali nilimpata. Katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) Shafi Adam Shafi anatuchorea bwana wa ardhi wa Zanzibar kabla ya Mapinduzi ya 1964, mkatili asiye na kovu la huruma. Picha hiyo ilikuja wakati ambapo siasa yetu nayo ilikuwa na picha yake. Azimio la Arusha la 1967 liliweka miiko ya uongozi, na mwiko mmojawapo ulikuwa kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 sheria ikataifisha majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, akawekwa Msajili wa Majumba kuyasimamia. Kupokea kodi ya nyumba kulihesabiwa kuwa jambo la kuonewa aibu. Mwenye nyumba alikuwa kabaila, mpangaji alikuwa mnyonge, na msomaji hakuhitaji kuuliza zaidi.

Lakini hiyo ni historia. Mwaka 1991 Azimio la Zanzibar lililegeza ile miiko. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya 1984, ambayo ilimwekea mwenye nyumba mipaka katika kupandisha kodi na kumtoa mpangaji, ilifutwa 2005. Bei ikaachiwa soko. Na mwenye nyumba wa Mwanjelwa, Ilomba au Sae leo si Mwinyi Fuad. Mara nyingi ni mwalimu mstaafu, mjane, au fundi aliyejenga tofali kwa tofali miaka kumi na mitano, na vyumba vya uani ndivyo mafao yake halisi. Mzee wetu alipoitaka fremu ile alikuwa na mgonjwa hospitalini. Mhakiki anayekuja na neno "unyonyaji" peke yake atampiga Mzee chapa ya kabaila na kuondoka bila kueleza chochote. Unyonyaji upo, lakini umekaa mahali pengine: katika ibara ya saba, iliyoandikwa na kijana maskini asiye na nyumba.

Katika Vuta N'kuvute (1999), Shafi huyo huyo anatupeleka Ng'ambo ya Zanzibar wakati wa ukoloni. Yasmin anamkimbia mumewe, ndugu zake wanamfungia mlango, na Mwajuma anampokea kwake. Huo ni ukarimu wa maskini kwa maskini na umeandikwa vizuri mno. Hata filamu iliyotokana na riwaya hiyo, iliyotolewa 2021, imeubeba. Lakini nyumba ya Mwajuma ni mahali pa hifadhi, muziki na siasa. Kodi ya nyumba siyo mgogoro unaousukuma mtiririko wa hadithi. Hapa kwetu Nyanda za Juu Kusini, C. G. Mung'ong'o alitupa Mirathi ya Hatari (1977), ambamo urithi wenyewe ni uchawi. Huko watu wanarithi, hawapangi.

Na bado Ng'ambo ile ile ilipata kuwa uwanja wa vita vya kodi. Katika miaka ya 1920 wakazi wake wengi walijenga vibanda vyao wenyewe juu ya viwanja vya wengine, wakawa wanalipa kodi ya ardhi iliyo chini ya nyumba zao. Wenye viwanja walipozidi kupandisha, wakazi walikataa kulipa, na mgomo wa 1928 ukailazimisha serikali ya ukoloni kuingilia kati na kuidhibiti kodi hiyo. Mwaka huo huo wa 1928 Siti binti Saad, mwimbaji aliyekuwa kipenzi cha watu wa Ng'ambo, alikwenda Bombay kurekodi santuri. Shaaban Robert alimwandikia wasifu. Wimbo wake wa Kijiti unajulikana kwa jinsi ulivyoisuta mahakama iliyowaadhibu mashahidi huku mtuhumiwa wa mauaji akiwa ametoroka. Nataja haya ili kuonyesha kwamba watu wasio na kalamu walikuwa na chombo cha kubishana na hukumu: waliimba. Hukumu iliyofungwa kwenye faili ilifunguliwa tena barazani kwa sauti. Sisi tumeipata kalamu, lakini barazani tumepaacha.

Wahakiki wawili wa mkataba

Kuna wahusika wawili wa vitabuni ambao ningependa kuwakalisha pembeni ya Mama Chapati pale ofisini.

Wa kwanza ni Portia katika Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya 1969 kutoka kwa Shakespeare. Tumezoea kumsifu kwa maneno yake ya huruma. Lakini huruma haikumwokoa Antonio. Kilichomwokoa ni usomaji. Portia aliusoma mkataba neno kwa neno, akaona kwamba unataja ratili moja ya nyama na hautaji hata tone la damu. Aliukamata ukimya wa matini na kuutumia. Portia ni mhakiki. Tofauti yake na mimi ni kwamba yeye aliusoma kwa ajili ya mtu aliyekuwa hatarini, na mimi niliuandika kwa ajili ya kusifiwa.

Wa pili ni Karama katika Kusadikika (1951) ya Shaaban Robert. Kosa lake lilikuwa kutaka watu wafundishwe sheria. Akipelekwa barazani, anajitetea kwa siku sita, na utetezi wake ni masimulizi: visa vya wajumbe sita waliotumwa na nchi yao na kulipwa mateso. Baraza linasikiliza, na mwisho wake ni kuachiwa huru. Tunapofundisha kitabu hiki tunashika sana istiara ya ukoloni na kuacha jambo la wazi kabisa: Karama alipewa nafasi ya kusimulia, na simulizi yake ilihesabiwa kuwa ushahidi. Mama Chapati naye alisimulia. Alikuwa na siku saba, moja zaidi ya Karama. Kilichokosekana ni baraza lenye masikio ya kusikia simulizi kama hoja.

Upande wa pili

Rafiki yangu mmoja wa darasani aliposoma rasimu ya makala haya alinipinga vikali. Alisema: "Wewe unamwonea huruma mpangaji kwa kuwa ni mpangaji. Nyumbani kwetu kuna wapangaji walihama usiku na miezi mitano hawajalipa, wakang'oa mpaka balbu." Ana haki. Wapo. Na bila maandishi mama yake hakuwa na pa kushika. Wapo pia wafanyabiashara wanaopangisha fremu kwa mtu wa tatu kwa siri na kula kilemba, wakati mwenye nyumba hajui hata jina la aliyemo. Kilemba hakina risiti. Watu wa soko la Mwanjelwa lililoungua 2006, na wa Sido iliyoungua 2017, watakuambia jinsi ilivyo vigumu kudai meza au kibanda ambacho ushahidi wake ulikuwa midomo ya majirani.

Kwa hiyo sisemi turudi kwenye mdomo. Maandishi ni kinga, na anayeyahitaji zaidi ni mnyonge. Ninalolipinga ni maandishi ya sauti moja yanayojifanya ni ya wawili. Karatasi ile ilianza kwa "Sisi tuliotia sahihi hapa chini". Hiyo "sisi" ndiyo uongo wa kwanza katika kazi yangu. Hapakuwa na sisi. Palikuwa na Mzee, palikuwa na mimi na misamiati yangu, na palikuwa na mama mwenye unga mikononi.

Hitimisho

Wengi wetu tutakaohitimu fasihi hatutaandika riwaya. Tutaandika barua, kumbukumbu za vikao, matangazo, na mikataba ya majirani. Mtaani mtu akisikia unasoma lugha atakuletea karatasi. Naomba basi idara zetu zisione haya kuingiza karatasi hizi kwenye semina pamoja na riwaya. Maswali ni matatu tu, na hayahitaji nadharia kutoka ng'ambo. Kila kitenzi, nani anatenda? Kila ahadi iliyotamkwa, iko wapi kwenye maandishi? Na je, karatasi ilisomwa kwa sauti, polepole, mbele ya wote wawili, kabla ya kalamu kutolewa?

Mwezi uliopita binti wa Mama Chapati alinifuata chumbani na bahasha. Mama yake sasa anapikia Sae, na mwenye fremu mpya kamletea mkataba. Ujumbe ulikuwa mfupi: "Mama anasema, safari hii msome kwanza." Nilikwenda Jumamosi. Tulikaa watatu, yeye, mwenye fremu na mimi, na chai mezani. Nilisoma kwa sauti mstari kwa mstari. Palipoandikwa "kodi itapandishwa" mama akauliza, "Na nani?" Mwenye fremu akacheka, akasema, "Na mimi, mama, nani tena?" Tukaandika hivyo, na tukaandika lini na kwa notisi ya muda gani. Paa alikubali liwe lake. Notisi ya miezi mitatu alikataa, tukaishia mwezi mmoja. Kuhusu saruji hakukubaliana nasi kabisa, na mama akasema basi sakafu ataiacha kama ilivyo.

Si ushindi mkubwa. Lakini ni karatasi yenye watu wawili ndani yake. Na lugha yake, kwa kweli, si nzuri kama ile ya kwanza.